Swichi ya Mzee Koleo

Karakana nzima walimwita Koleo, kwa sababu alichokishika hakikuponyoka. Alikata vyuma kwa grenda kubwa, ile ya kushikwa kwa mikono miwili, tangu wanawe hawajaota meno. Sasa karakana ilikuwa mali ya mwanawe wa kiume, na mzee akawa mfanyakazi wa mtoto wake mwenyewe. Hilo hakulipenda, lakini alilimeza. Kilichomkwama kooni ni wazo la kukaa nyumbani.

Binti yake alikuwa na chumba cha kutengenezea mashine mtaa wa nyuma: grenda, drili, misumeno ya umeme, chochote chenye waya na kelele. Watu walimwita Mama Swichi. Ufundi alifundishwa na baba yake huyo huyo, na kwenye swichi alikuwa hashikiki. Akiifungua, springi na vipande vya shaba anavipanga juu ya kitambaa. Akiifunga, hujui kama iliwahi kufunguliwa.

Basi mzee akaleta grenda. "Swichi imekufa, mama. Inazima katikati ya kazi."

Binti akaitia swichi mpya. Hazikupita siku nyingi mzee huyo mlangoni, amefura. "Umeuziwa feki." Akaitia nyingine, iliyotoka kwenye boksi ambalo halijafunguliwa, akaiwasha na kuibana mpaka majirani wakaanza kugonga ukuta. Haikuzima hata mara moja. Mzee akaichukua, na baada ya muda si mrefu akairudisha tena. "Hii nayo mbovu."

Mama Swichi akaanza kujishuku. Hakuna kinachomla fundi roho kama mashine inayotii mezani kwake na kugoma kwa mwenyewe. Asubuhi moja akafunga chumba, akaenda karakana kujionea. Alimkuta baba yake ameinamia bomba, grenda inanguruma vizuri tu. Kisha akaviona vidole vya mkono wa kulia, vile vinavyobana swichi, vikifunguka vyenyewe kimoja kimoja, kama vya mtu anayepitiwa na usingizi. Mashine ikazima. Grenda zile zimeundwa hivyo: ukiachia inazima, ili ikikuponyoka isikukate. Mzee akaitukana swichi kwa sauti kubwa, wafanyakazi wote wasikie.

Binti aliondoka bila hata kumsalimia. Njia nzima alikuwa akifuta machozi kwa mikono yenye grisi.

Jioni hiyo kaka yake akamfuata chumbani. Alikuwa mtu mkavu, asiye na maneno mengi, na kwa muda mrefu alikuwa akisema kwamba siku mzee atakaposhindwa na mashine atapewa kiti getini, awe anafungulia magari.

"Dada, nataka ukweli. Tatizo ni swichi au ni mzee?"

Mama Swichi akamwona baba yake kwenye kile kiti, vijana aliowafundisha kazi wakimpigia honi.

"Ni swichi," akasema. "Spea za siku hizi si za kuamini."

"Za wote, au zako?"

Mama Swichi akaanza kuifuta meza isiyo na vumbi.

"Basi mashine zangu nitazipeleka kwa fundi mwingine. Usinune. Undugu hauondoki, lakini kazi lazima iende."

Hivyo ndivyo alivyopoteza kazi ya karakana, na angevumilia kama mzee angefunga mdomo wake. Wapi! Kila alipoketi kunywa chai aliwasimulia watu jinsi binti yake alivyomharibia mashine. "Nilimfundisha, lakini kichwa kikigoma utafanyaje? Mwanamke na swichi, wapi na wapi?" Watu wakacheka. Wateja wakaanza kupita mbele ya chumba chake wakitazama upande wa pili wa barabara, mashine zao wamezikumbatia kifuani.

Kisha akasikia kwamba grenda ya mzee haizimi tena, fundi mpya ni kiboko. Hakufurahi. Alijua hakuna swichi inayotibu mkono. Akaenda karakana wakati wa mapumziko, akamkuta baba yake peke yake, akaiwasha grenda, akaachia swichi. Ikaendelea kunguruma. Fundi yule alikuwa ameunga waya moja kwa moja, swichi imebaki pambo. Kuizima, mpaka uchomoe plagi ukutani.

Akaichomoa. "Baba, hii itakuua."

"Mimi ndiye niliyemwambia aunge hivyo. Wewe usingekubali."

"Kwa hiyo ulijua ni mkono?"

"Mkono ni wangu. Nitaachaje kujua?"

"Sasa jina langu umelichafulia nini?"

Mzee akashusha pumzi. "Wewe bado kijana, mama. Utatengeneza jina lingine. Mimi nikitoka hapa, nimekwisha."

Hakuomba radhi, wala sauti haikumtetemeka. Mama Swichi alimchukia baba yake pale pale, na pale pale akaogopa kumzika. Akaenda moja kwa moja ofisini kwa kaka yake, akamweleza yote, la waya na la mkono.

"Nusu ya grenda za mtaa huu zimeungwa hivyo," kaka akasema. "Mtu mwenye mkono imara haimsumbui."

"Mkono wake si imara! Ndicho ninachokwambia."

"Nilikuuliza, dada. Uso kwa uso. Ukaniambia ni swichi."

"Nilidanganya."

"Ulidanganya siku ile, au unadanganya leo umeona mwenzio kaweza?" Akarudi kwenye simu yake. "Nenda nyumbani. Kidonda kitapona."

Alipotoka ofisini wafanyakazi walikuwa wamerudi na grenda imeshawashwa. Akakimbilia plagi. Kabla hajaifikia, mzee akapaza sauti kushinda mashine:

"Mtoeni huyo! Ameshaniharibia mashine mara ya kwanza, anataka tena?"

Vijana wawili wakamshika mikono kwa adabu, "samahani, Mama Swichi, samahani," wakamsindikiza hadi nje na kufunga geti. Hakwenda nyumbani. Alisimama palepale ukutani, ili atakayetoka mbio kutafuta gari la kumpeleka mzee hospitali amkute karibu.