Siku ya Saba Ng'ambo ya Mlima

Mpaka Jumatatu asubuhi Bassou alikuwa ameshauliza watu wanne siku ya saba ni lini, na alikuwa ameshapewa siku tatu.

Itto, binti yake wa pekee aliyeolewa ng'ambo ya mlima, alijifungua Jumatano, jua lilipokwisha kuzama. Mtoto wa kike. Habari ilimfikia Bassou huku Demnate kesho yake asubuhi, na tangu hapo kichwa hakikumtulia. Siku ya saba kondoo angechinjwa, na anayesimama kwenye kichwa cha kondoo ndiye anayetamka jina. Mume wa Itto alishamwambia mapema: jina ni haki yako, baba, ilimradi uwepo. Asipokuwepo, angetamka Bi Izza, mama wa mume, na Bi Izza hakuwa mtu wa kukosa la kutamka. Bassou alitaka moja tu, Touda, jina la marehemu mkewe. Alitaka liitwe tena ndani ya nyumba na mtu aitike.

Sasa hesabu. Karatasi ya hospitali iliandika Jumatano. Ukianzia hapo, saba inaangukia Jumanne. Lakini jua likishazama siku imekwisha, usiku ule ni wa Alhamisi, na saba inasogea hadi Jumatano. Fakihi wa msikiti naye alisema siku ya kuzaliwa haihesabiwi hata kidogo, kwa hiyo ni Alhamisi. Bassou alikuwa amepiga simu ng'ambo ili amalize ubishi.

"Bi Izza, mnachinja lini?"

"Siku ya saba."

"Najua siku ya saba. Lini?"

"Kwani huko kwenu mnahesabuje, mkwe? Baada ya sita huja saba. Au kwenu inakuja tisa?"

Simu ikakatika, na haikupatikana tena. Mnara wa mlimani ulikuwa umezimika, na wenye mnara, kama wenye kila kitu katika nchi hii, walikuwa wamelala.

Njia zilikuwa mbili. Ya kupanda Tizi, ule mlango wa mlima, ni mwendo wa siku moja kwa pikipiki, ikiwa theluji imeondolewa. Ya kuzunguka Marrakech ni siku mbili, maana wakubwa walikuwa wameichimbua barabara kuu pande zote kisha wakaenda zao, na mabasi yalikuwa yanalala humo. Angeondoka Ijumaa kwa kuzunguka, angekuwa ameshafika. Lakini ofisi ya barabara ilimwambia Tizi itafunguliwa Jumamosi. Jumamosi wakasema Jumatatu. Leo Jumatatu karani alimwambia njia imefunguliwa, ubao wa njia panda ukasema imefungwa, na dereva wa lori la mbuzi aliyeshuka alfajiri akasema imefunguliwa mpaka pale inapofungwa.

"Ndiyo nini hiyo?" Bassou alimuuliza.

"Ndiyo hivyo hivyo, mzee. Mimi nimepita, lakini usiniige."

Alikwenda kwa Addi, mwenye mkahawa, rafiki yake tangu ujana. Addi akamwekea chai, mkate na mafuta ya zeituni, kisha akatandaza mezani ramani iliyosahauliwa na mtalii mmoja wa pikipiki kubwa.

"Tazama mwenyewe. Njia ya Tizi imepigwa kijani pembeni. Kijani maana yake pita."

"Hiyo ni taa ya barabarani, Addi."

"Basi kijani ni nini, wewe profesa?"

Wote wawili hawakuwa wa kusoma. Wakamwita mwalimu aliyekuwa meza ya pili, naye akainamia maandishi madogo ya pembeni. "Hapa wanasema kijani ni njia yenye mandhari ya kupendeza."

"Mandhari!" Bassou aliruka. "Mimi naulizia theluji, wao wananichorea uzuri! Hivyo ndivyo wanavyotutawala."

Addi alicheka mpaka akakohoa. "Usikasirike, bwana. Angalau utakufa ukitazama kitu kizuri."

Na kweli ilikuwa nzuri, hasa wakati huu wa mwanzo wa machipuko, milozi imechanua na kila bonde lina maji yanayoporomoka. Touda alikuwa akikaa nyuma yake kwenye pikipiki, akimfinya ubavuni asimame wayatazame maji. Hakusimama hata mara moja. Alikuwa na haraka, haraka ya nini hata hakumbuki. Kisha majira ya baridi ya mwaka juzi walimpakia kwenye gari la wagonjwa wampeleke hospitali ya ng'ambo, gari likakwama mbele ya chuma kinachofunga njia ya Tizi. Ufunguo alikuwa nao mkubwa, na mkubwa alikuwa harusini. Touda alimaliza siku zake palepale, theluji yenyewe ikiwa haifiki kifundo cha mguu.

"Zunguka Marrakech," Addi alisema, sasa hacheki.

"Nikizunguka nafika Jumatano jioni. Kama ni kesho, nimekosa. Kama ni Jumatano asubuhi, nimekosa."

"Na ukipanda ukakuta pamefungwa?"

"Nimekosa."

"Basi huna mpango, ndugu yangu. Una pikipiki tu."

Jumanne kabla ya jua kuchomoza alipanda. Pikipiki ilikohoa kila kilima. Saa nne akafika kwenye chuma, kimekingama katikati ya njia, kimefungwa kufuli. Mbele yake lami ilikuwa kavu kama sakafu.

"Pamefungwa?" alimuuliza mlinzi.

"Pamefunguliwa."

"Na hiki chuma?"

"Kimefungwa. Njia imefunguliwa. Amri ya kufungua imeshakuja, ufunguo bado."

Bassou alishuka kwenye pikipiki. Alianza na mkubwa wa barabara, akapanda hadi wizarani, akawatukana wote kwa majina ya wanyama. Mlinzi alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema polepole, "Mzee, amri inasema vyombo vya moto visipite. Mtu wa miguu haikumtaja. Ukizima injini ukaisukuma, hicho si chombo cha moto. Huo ni mzigo."

Bassou alimtazama asijue kama anachezewa. Akazima injini, akainama, akausukuma mzigo wake chini ya chuma.

Alifika alasiri. Kondoo alikuwa hai, amefungwa uani, anatafuna majani ya shayiri. Bassou alimpapasa kichwa kwa furaha.

"Tulikuwa tunakungoja," alisema Bi Izza. "Ni kesho. Nilikwambia, baada ya sita."

Akaingia kwa Itto, akapewa mtoto. Alikuwa mwepesi kuliko kikapu kitupu, na mwekundu.

"Karibu, Touda," alimnong'oneza.

Itto akainamisha uso. "Baba, usimpe jina hilo."

"Bi Izza amekutia maneno."

"Bi Izza mwenyewe analitaka. Mimi ndiye sitaki." Alifuta pua kwa kiganja. "Huyu atakula udongo, atavunja vikombe. Nitamfokea vipi? Nitasema, Touda, mjinga wewe, njoo hapa? Nimwite mama hivyo?"

Bassou alitafuta wa kumlaumu, akazunguka kichwani mwake nyumba yote ile, asimwone.

"Unamtaka nani?"

"Tilila."

Hakuna aliyekuwa na jina hilo upande wao. Alilijaribu mdomoni, likakwaruza. Alitaka kusema jina ni haki yake, amesukuma pikipiki juu ya mlima kwa ajili yake. Mtoto akapiga mwayo.

Asubuhi walisimama uani. Fakihi wa kule kwao akamshika kondoo, wanaume wakasogea, mlango wa chumba cha Itto ukafunguliwa nusu. Bassou alisimama kwenye kichwa. Neno la kwanza lililokuja ulimini lilikuwa Touda. Akalimeza, likapita kwa shida kama mkate mkavu.

"Tilila," alisema.

"Sema kwa sauti, babu," mtu akadai nyuma.

"Tilila!" alifoka. Mle ndani mtoto akaanza kulia, na Bassou hakujua amepata au amekosa.