Njia Mbili za Kumfikia Jergus

Jergus alipiga simu alfajiri. Mguu umevunjika, alisema, yuko kwenye kibanda cha mawe chini ya kilele cha Hrubá, na jiko limeishiwa gesi. Kisha simu ikazima. Helikopta haikuweza kuruka katika upepo ule, kwa hiyo tuliondoka watatu: Imrich baba yake, Bohdana dada yake, na mimi Vendel, jirani yao. Sote ni wachukuzi. Kazi yetu ni kupandisha mizigo kwenye nyumba za wapanda milima, kiangazi na majira ya baridi.

Chini ya Hrubá njia hugawanyika. Korongo la kushoto hukufikisha juu mapema, likikuhurumia. Mgongo wa mlima, upande wa kulia, haumezi mtu, ila hula siku nzima. Usiku kucha upepo wa kusini ulikuwa umerundika theluji mpya korongoni, na kwetu hata mtoto anajua maana yake: inaweza kuporomoka na kukufukia.

Sisi wachukuzi tuna sheria: anayetangulia kukanyaga theluji ndiye anayechagua njia, na wa nyuma hafungui mdomo. Ubishi mlimani umezika wengi kuliko baridi. Siku hiyo mbele alikuwa Bohdana, maana magoti ya Imrich yamekwisha, ingawa ukimwambia hivyo atakutukana wewe na ukoo wako.

"Korongo," alisema Imrich.

"Nani yuko mbele, baba?"

"Mimi nimepita hapo kabla mama yako hajanijua."

"Theluji ilikuwa hii? Chomeka fimbo uone. Juu gamba, chini unga mtupu."

"Ndugu yako anaganda, wewe unanifundisha theluji?"

"Tukifukiwa sisi, atafuatwa na nani?"

Mzee akanigeukia. "Vendel, sema neno."

"Mimi wa nyuma," nikasema.

Moyoni nilikuwa upande wa msichana, na mpaka leo niko huko huko. Bohdana akashika kulia.

Mgongo ule ulitutesa. Mahali pengine tulitambaa kama watoto, upepo ukitupiga ubavuni. Imrich hakunung'unika hata mara moja, na hilo lilinitisha kuliko matusi yake. Kila tuliposimama kupumua alitazama korongo lililokuwa chini yetu. Lilikuwa limetulia tuli, laini kama shuka lililopigwa pasi.

Tulifika jua likielekea kuzama. Jergus alikuwa ameegemea ukuta, hapumui, macho wazi, mdomo umeuma glavu. Imrich alipiga magoti, akaingiza mkono ndani ya koti la mwanawe, akauacha humo muda mrefu.

"Kwapani bado kuna joto," alisema.

Hakuwa akimwambia yeyote. Bohdana alimsogelea.

"Baba..."

"Kushuka natangulia mimi."

Akamfunga mwanawe kwenye turubai, akajifunga kamba kiunoni, akaanza kumburuta kuelekea korongoni. Nikamkamata mkono. Sheria ni sheria, lakini mimi pia nina moyo.

"Imrich, kufa wawili hakumfufui mmoja."

"Niachie, Vendel. Asubuhi ulikuwa huna mdomo."

Nikamwachia. Alikuwa na haki ya kunisema.

Mteremko kama ule huvukwa na mtu mmoja mmoja, ili ukiporomoka usiwabebe wote. Basi mimi na Bohdana tulibaki juu ukingoni, tukimwangalia mzee akishuka polepole na mzigo wake, theluji ikimfika mapajani. Midomo ya Bohdana ilikuwa ikicheza. Nilimwonea huruma, nikamshika bega.

"Atafika, mwanangu. Endelea kuomba."

"Siombi afike, mjomba," alisema, machozi yakimganda mashavuni. "Naomba iporomoke."

Haikuporomoka. Imrich alifika chini, akasimama kando ya turubai, akatupungia mkono tushuke, kwamba njia ni salama.