Mgeni wa Mwisho kwenye Ngazi

Mama alilivaa jaketi la kuokoa maisha kama mtu anayevaa koti la harusi. Alilivuta mabegani, akajipigapiga kifuani, kisha akainamisha pua na kulinusa.

"Hili nimelifua mwenyewe," akasema. "Bado linanukia sabuni yangu."

Tulikuwa gatini, asubuhi, na boti yetu nyeupe ilikuwa inaguna taratibu huku wageni wakipanda mmoja mmoja. Tangu nikiwa shule ya msingi, mama amefanya kazi kwenye stoo ya kampuni ile, chumba chenye dirisha moja nyuma ya gati. Wageni wakirudi, yeye hupokea kila kitu kilichoingia baharini: majaketi, mapezi ya mpira, mirija ya kupumulia na miwani ya kutazamia chini ya maji. Huondoa chumvi, huanika, kisha hukagua. Miwani huikagua kwa namna yake. Kuna pipa la maji baridi pale stoo, na chini kabisa ya pipa amelaza kifungo chekundu cha shati. Hubandika miwani usoni, huinama, hutumbukiza kichwa mpaka masikioni. Akiyaona matundu manne ya kifungo, na pua yake ikabaki kavu, miwani imepita. Isipopita, haitoki pale hata akiililia nani.

Kwa miaka yote hiyo hakuwahi kwenda kuona hao wageni huenda kutazama nini. "Bahari ni ya watu wenye nafasi," alikuwa akisema. Mimi nilijua sababu nyingine. Mama aliogopa maji yasiyo na ukingo.

Siku hiyo alikuja kwa ajili yangu. Nilikuwa nimemaliza chuo, nimesoma viumbe wa baharini mpaka nikajua majina ya samaki ambao sijawahi hata kusalimiana nao, na nilikuwa naomba kuwa kiongozi wa wageni majini. Kwenye boti ile shahada haikupi filimbi ya kiongozi. Filimbi anayo nahodha, mama mmoja mnene mwenye sauti ya chini, na huitoa kwa jaribio moja tu. Wageni wanapofika kwenye matumbawe hushuka majini kwa ngazi, na yule anayeshuka mwisho ndiye mtihani wako. Hodari wa kuogelea hujiongoza wenyewe. Wa mwisho kwenye ngazi huwa ndiye mwoga kuliko wote, na kiongozi ni yule anayeweza kumfanya mwoga aangalie chini kwa hiari yake. Kusukuma, kudanganya na kuaibisha haviruhusiwi. Ukishindwa, unasubiri msimu mwingine. Msimu uliopita nilishindwa, tena kwa bibi harusi aliyelia mpaka miwani ikajaa machozi kwa ndani.

"Msomi, leo umejiandaa?" akaniuliza fundi wa injini. Tulimwita Plagi, kwa sababu kila tatizo duniani, hata la ndoa, yeye husema ni plagi.

"Nimejiandaa."

"Usije ukamfundisha mgeni fizikia tena. Mtu anaogopa, wewe unamwambia ujazo!"

Mama akamkata jicho. "Muache mwanangu. Wewe hata jina la samaki unayemla hulijui."

"Namjua, Mama Stoo. Anaitwa mboga."

Watu wakacheka, na boti ikaondoka.

Mgeni aliyekuwa akisikika kuliko wote alikuwa bwana mmoja mpana, mjenzi wa maghorofa, aliyekuja na mkewe. Alikuwa ametuarifu tangu gatini kwamba yeye majini ni papa. Tulipoanza kumwita Bwana Papa alifurahi sana. Mkewe alikuwa akitazama upande mwingine, akitabasamu peke yake.

Kituo cha kwanza kilikuwa kisiwa kidogo cha mchanga na vichaka, ambako kobe wakubwa huishi bila uzio wala mlinzi. Ni wapole kupita kiasi. Ukichuchumaa wanakuja wenyewe, wakivuta magamba yao mchangani kama watu wanaohamisha kabati. Mkubwa kuliko wote anaitwa Mheshimiwa, kwa sababu hutembea polepole na kila mtu humpisha. Nikawaambia wageni wasimpe chakula wala wasimpande, wamkune tu chini ya shingo. Mama alikuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Mheshimiwa akainuka kwa miguu yake minne, akarefusha shingo mpaka ngozi yake yenye mikunjo ikanyooka, akafumba macho.

"Kumbe na wewe unachoka," mama akamwambia taratibu. "Kubeba nyumba kila siku si mchezo."

Nilimtazama pale, mchanga umemshika magotini, anazungumza na kobe kama jirani, nikatamani wale wote waliowahi kupita mbele ya dirisha la stoo bila salamu wamwone.

Tuliporudi botini na kuelekea kwenye matumbawe, mama alishika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Maji yalikuwa yamebadilika rangi, kutoka kijani cha chupa hadi buluu nyepesi inayoonyesha kila kivuli kilicho chini. Nahodha akazima injini, boti ikafungwa kwenye boya, ngazi ikateremshwa. Plagi akatupa nyuma ya boti kamba yenye gurudumu la kuelea, kwa wale watakaotaka kupumzika.

Mama alikuwa wa kwanza kusimama.

Alijua sheria ya ngazi kuliko mtu yeyote, maana miaka yote stori za mitihani hiyo zilimalizikia stoo kwake. Akaona njia pekee ya kutonifelisha ni yeye kutokuwa wa mwisho. Alishuka haraka, ametoa macho, miwani ikiwa bado kwenye paji la uso, akalishika lile gurudumu na kulikumbatia kama mto wa kulalia.

"Niko sawa!" akapiga kelele. "Pazuri sana! Endelea na wengine!"

Wengine wakafuata, mkewe Bwana Papa akiwa katikati yao, akateleza majini kimya kama sabuni. Akabaki mumewe. Alikuwa anafunga mkanda wa pezi lake la kushoto, anaufungua, anaufunga tena.

"Wewe papa!" mkewe akamwita kutoka majini. "Unasubiri maji yapoe?"

"Nakagua vifaa," akajibu, akahamia pezi la kulia.

Nilikaa naye kwenye kidaraja cha chini cha ngazi, miguu yetu majini. Sikumfundisha chochote. Nilimuuliza tu alijifunzia wapi kuogelea, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba ni kwenye bwawa la hoteli, upande wa watoto, na kwamba hata pale alikuwa hapendi kuona chini kukienda mbali. Nikamwambia tutashikana mikono, tutatazama pale tu ambapo boti inaweka kivuli, na akitaka kutoka atanibana kidole. Hakunibana. Baada ya muda alikuwa anacheka ndani ya mrija, sauti kama ya beseni linalomwaga maji, na samaki wa manjano wakikatiza mbele ya pua yake. Aliporudi ngazini aliniambia, "Binti, usimwambie mke wangu kuhusu upande wa watoto." Mkewe alikuwa nyuma yake, amesikia kila kitu, naye akamkumbatia.

Moyo ulinijaa. Nikainua mkono kumwonyesha nahodha kwamba wa mwisho ameangalia.

Nahodha akatikisa kichwa. Akaelekeza kidevu upande wa nyuma wa boti.

Mama alikuwa ameketi pale kwenye benchi, amejifunika taulo mpaka masikioni. Wakati nikihangaika na Bwana Papa alikuwa amejivuta kwa kamba, akapanda ngazi kimya kimya na kwenda kujificha. Nywele zake zilikuwa kavu kabisa.

"Mama Stoo," nahodha akasema, "umeangalia chini?"

"Mimi nilishuka wa kwanza. Kila mtu ameniona."

"Sijauliza ulishuka wa ngapi."

"Niliangalia mbele."

"Mbele kulikuwa na nini?"

Mama akafikiri. "Boti."

Hata nahodha alificha kicheko. Plagi, ambaye kwa maneno yake yote ana roho nzuri, akajitosa kunitetea. "Nahodha, huyu si mgeni. Ni mfanyakazi wetu. Wa mwisho alikuwa Bwana Papa, na ameangalia. Mpe mtoto filimbi yake."

"Kweli kabisa!" mama akadakia. "Mimi ni mfua majaketi. Mnanihesabuje na wageni?"

Nahodha alinigeukia mimi. "Kiongozi ndiye anayejua wageni wake. Sema wewe. Huyu ni mgeni au si mgeni?"

Neno moja tu lingetosha. Filimbi ilikuwa shingoni mwake, naiona. Na mama alikuwa ananikonyeza waziwazi, kope zote mbili kwa pamoja, maana hajui kukonyeza jicho moja. Lakini niliiangalia mikono yake iliyoshika taulo, vidole vilivyopauka kwa chumvi ya bahari ambayo hajawahi kuitazama ndani. Kila mtu aliyewahi kuona matumbawe kwenye maji yale aliyaona kupitia kioo alichokisafisha yeye.

"Ni mgeni," nikasema. "Na hajaangalia."

Mama akanitazama kama niliyemwuza. "Wewe mtoto!"

Nikaenda kukaa karibu naye. Nikaanza vibaya, namwambia chumvi humbeba mtu, jaketi lina nguvu kiasi gani. "Hayo mpe mwalimu wako," akanikata. Kisha akatafuta udhuru wa mwisho. Akaivua miwani pajini, akanipa. "Halafu hii miwani inavuja."

Boti nzima ikasikia.

"Inavuja?" nikauliza.

"Inavuja."

"Imetoka stoo ya nani?"

Mkewe Bwana Papa, aliyekuwa anajikausha nywele, akasema kwa upole, "Yangu haikuvuja hata tone. Yako bahati mbaya tu, mama. Labda waliisahau kukagua."

Niliona mgongo wa mama ukinyooka ndani ya taulo.

"Nani amesahau?" akasema. "Dada yangu, mimi sijawahi kutoa miwani inayovuja. Uliza humu wote. Plagi! Nimewahi?"

"Hujawahi, Mama Stoo."

"Nahodha?"

"Hujawahi."

"Lakini umesema mwenyewe inavuja," nikamwambia. "Tufanyeje? Ikirudi stoo tutaiandika mbovu?"

"Mbovu!" Akaninyang'anya. Akaigeuza kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba kwenye ukingo wa mpira, akapuliza kioo. "Hii ni nzima. Naijua hii. Nileteeni pipa."

Hatukuwa na pipa.

Mama akaitazama ngazi. Akanitazama mimi, akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyejifungia mlango mwenyewe na ufunguo uko mfukoni mwake. "Wewe mtoto," akasema tena, lakini sasa kwa sauti nyingine. "Utanishika?"

"Nitakushika."

"Usiniachie hata ukiona nini."

"Hata nikiona nini."

Alishuka polepole, kila kidaraja akikikanyaga mara mbili. Maji yalipomfika kifuani alisimama, akabandika miwani kwa kiganja kama anavyofanya kila alasiri, akavuta pumzi na kutumbukiza uso. Akainuka papo hapo.

"Haivuji!" akatangaza. Boti ikashangilia. Halafu akashusha sauti. "Kule chini kuna mtu anakula."

"Ni kasa, mama. Anakula majani."

"Ametuona?"

"Ametuona zamani. Hana neno nasi."

Nilimpa mrija, akauma, akarudi mwenyewe. Safari hii alikaa. Vidole vyake vilinibana mkono mpaka vikaniuma, kisha vikalegea kimoja kimoja. Chini yetu yule kasa alikuwa anakata majani bila haraka, mchanga ukitimka kidogo kila anapovuta, na juu ya gamba lake samaki wadogo wenye milia wakaondoka kuja kumkagua mama. Walisogea mpaka kwenye kioo, wakamtazama kwa jicho moja kisha kwa la pili. Baadaye kasa akapanda kuvuta pumzi, akapita karibu nasi kiasi kwamba niliona mikunjo ya shingo yake, akatoa kichwa, akahema kama mtu aliyetua mzigo, akazama tena. Mama alimfuata kwa macho mpaka alipogeuka kivuli.

Alipoinua uso, alama nyekundu ya miwani ilikuwa imemzunguka macho na pua yake ilikuwa kavu.

"Umeona?" nikamuuliza.

Akatafuta kipimo kwanza. "Nimeona matundu yote manne," akasema.

Nahodha hakutoa hotuba. Tulipopanda, alivua filimbi shingoni, akaifuta kwenye shati lake, akanivisha. Plagi akasema alijua tangu mwanzo kwamba tatizo lilikuwa plagi. Njiani mama hakukaa. Alisimama karibu na Bwana Papa na mkewe, ameshika nguzo, akiwaonyesha kwa kidole jinsi kasa alivyopinda, na kila baada ya maneno machache akinirudia mimi. "Huyo mwenye filimbi," nilimsikia akisema juu ya mngurumo wa injini. "Kiongozi. Nimemzaa mimi."

Tulifika kabla ya chakula cha mchana. Wageni wakashuka, wakatupa vifaa kwenye kreti, na nilipomaliza kuwaaga nikakuta mama ameshavua jaketi na kurudi stoo, mikono imezama kwenye maji ya sabuni. Nilisimama dirishani. Nikashindwa kujizuia, nikapuliza filimbi kwa nguvu zote.

"Acha kelele!" akasema bila kugeuka. "Kuna watu wako kazini."

Lakini bega lake lilikuwa linacheka. Akachukua miwani ile aliyoivaa, akaibandika usoni, akainama ndani ya pipa. Akakaa humo muda mrefu kuliko kifungo chochote kinavyohitaji.