Vitabu Vilivyochoka

Hakuwa na meza ya kusomea. Alisomea juu ya kifuniko cha pipa la gundi, na gundi ilipohitajika alisimama, akabana daftari kwapani, akangoja. Hakuwa na chumba chake peke yake, wala jozi ya pili ya viatu. Hakuwa na kaka wala dada aliyemtangulia chuoni akarudi kumwambia kukoje. Mama hakuwa naye tangu darasa la nne. Hata jina lake halisi ni kama hakuwa nalo, maana mtaa mzima ulimwita Gundi: kwanza kwa sababu vidole vyake vilinata, pili kwa sababu akishika jambo haachii.

Alichokuwa nacho binti huyu ni baba, na baba alikuwa fundi wa kujalidi vitabu.

Karakana yao ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba. Ndani mlikuwa na meza ndefu yenye makovu ya visu, mashine ya chuma ya kubania vitabu yenye gurudumu juu yake, na mashine kubwa ya kukatia karatasi ambayo baba aliifuta kila asubuhi kabla hajanawa uso. Vitabu viliingia mgongo umevunjika, vikatoka vimesimama wima kama askari. Baba alijifunza kusoma ukubwani, katika darasa la jioni, na tangu siku hiyo hakikupita kitabu mikononi mwake bila yeye kusoma angalau ukurasa mmoja.

"Mimi ni msomi wa ukurasa mmoja mmoja," alikuwa akisema. "Nikizijumlisha zote, nina maktaba."

Mwaka huo Gundi alifaulu, tena si kufaulu kwa kubahatisha. Barua mbili zikaja wiki moja, na zote zilimpa nafasi ya kusomea uhandisi wa maji, jambo alilolitaka tangu utotoni kwa sababu bomba la mtaani kwao lilitoa maji pale tu lilipojisikia. Barua ya kwanza ilitoka chuo cha binafsi kilichokaa juu ya kilima. Watu walikiita Nguzo, kwa ajili ya nguzo nyeupe nane zilizosimama mbele yake. Karatasi yake ilikuwa nene, nembo imepigwa kwa wino wa dhahabu. Barua ya pili ilitoka chuo kikuu cha serikali. Karatasi yake ilikuwa nyepesi, na muhuri umekaa upande.

Nguzo walisamehe nusu ya ada. Nusu iliyobaki ilikuwa bado mlima. Ada nzima ya chuo cha serikali ingelipika kwa kazi ya karakana, bila kumkopa mtu. Vyuo vyote viwili vilitaka jibu lipigwe muhuri wa posta kabla ya Ijumaa jioni.

"Nguzo," baba alisema, hata hajamaliza kusoma. "Hapo hapana mjadala."

"Mjadala wa nini tena?" alidakia shangazi, dada yake baba, ambaye alikuwa na saluni mtaa wa pili na hakuwa na siri hata moja. "Mimi nimeshawaambia wateja wangu wote. Yule wa kusuka nywele nyekundu amelia kwa furaha."

"Shangazi, barua imefika jana jioni!"

"Na saluni nimefungua leo asubuhi, mwanangu. Ulitaka ningoje nini?"

Gundi alicheka, na moyoni alikubaliana nao. Usiku ule alilala na barua ya Nguzo chini ya mto. Tusimsingizie: zile nguzo alizitaka.

Jumatatu dereva wa Nguzo akaleta makasha mawili ya vitabu, vyote thelathini vya kutengenezewa majalada ya ngozi kabla ya siku yao ya wageni. Juu yake palikuwa na karatasi ya maagizo: *Herufi za dhahabu. Zisomeke kutoka mbali.* Jumanne mkokoteni wa chuo cha serikali ukashusha vitabu arobaini vilivyofungwa kwa kamba, na maagizo yao yalikuwa mafupi zaidi: *Vishoneni visianguke. Futeni penseli.*

Kufuta penseli ilikuwa kazi ya Gundi, na kabla ya kufuta ilimbidi afungue kila kitabu ukurasa kwa ukurasa. Alianza na vya Nguzo. Kurasa zilikuwa zimeshikana kingo kama zilivyotoka kiwandani, na akizitenganisha zililia *trii*. Karatasi ya kupigia tarehe za kuazima ilikuwa nyeupe kabisa. Kitabu cha pili hivyo hivyo, cha kumi hivyo hivyo.

"Baba, havijaguswa hivi."

"Vina bahati. Watu wasafi."

"Labda vipo vingine vinavyosomwa," alisema Gundi, maana hakupenda kuonea mtu.

Halafu akafungua vile vya serikali. Hivyo vilikuwa vimechoka! Tarehe zilijaa mbele, zikahamia nyuma, mtu akabandika karatasi nyingine, nayo ikajaa. Katika kitabu kinene cha mwendo wa maji ndani ya mabomba, ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, pembeni palikuwa na maandishi ya penseli ya watu watano tofauti.

*Kwa nini bomba likiwa jembamba maji yanakwenda mbio?* aliuliza wa kwanza.

*Fikiria watu wanaotoka ukumbini kwa mlango mwembamba,* alimjibu wa pili.

*Watu kwenye mlango mwembamba husongamana, hawakimbii. Mfano mbovu,* aliandika wa tatu.

*Mbovu kweli. Njooni chumba cha 14, Jumatano saa kumi, tutatumia bomba halisi.*

Na chini kabisa, kwa mwandiko wa haraka: *Nimekwenda. Nimelowa. Nimeelewa. Je, bomba likipanda mlima?*

Swali hilo la mwisho lilikuwa halijajibiwa.

Gundi alishika kifutio, akakiweka. Akakishika tena, akakiweka. Akampelekea baba kile kitabu. Baba alisoma, akafika kwenye "nimelowa", akacheka mpaka miwani ikadondoka kwenye gundi.

"Wamenichekesha, wallahi," alisema, akiisafisha miwani. "Lakini unakwenda Nguzo."

"Kwa nini, baba? Niambie sababu, si jina."

Baba alishughulika na uzi ambao haukuwa na tatizo lolote.

"Miaka kumi na moja napeleka vitabu kule," alisema hatimaye. "Siku ya kwanza nilivaa koti langu la harusi, nikapanda ngazi za mbele. Mlinzi akaniambia, 'Mafundi, mlango wa nyuma.' Hakunitukana, alisema kwa adabu tu. Tangu siku hiyo napita jikoni, nikijipenyeza kati ya masufuria. Nataka mwanangu apande zile ngazi za mbele. Basi."

Gundi alikichukua kile kitabu, akakirudisha mezani.

Jumatano akaja mtu mwenye futi ya kupimia. Akampita Gundi, akapima mlango, akapima mashine ya kukatia karatasi, akatikisa kichwa.

"Mlango itabidi ung'olewe," alisema. "Bila hivyo haipiti."

"Haipiti kwenda wapi?" Gundi aliuliza.

Yule mtu akamtazama baba, naye baba akatazama dari.

"Unauza mashine ulipe Nguzo? Baba! Utakatia karatasi kwa meno?"

"Meno ninayo," baba alijibu, lakini hakuna aliyecheka.

Siku hiyo hawakusemeshana ila kwa mambo ya kazi. Lete sindano. Chukua sindano. Hata shangazi alipopita kuulizia habari alinusa hewa, akaaga.

Ijumaa asubuhi ilibidi vitabu vya serikali vipelekwe. Kwa kawaida chuo chenyewe kilituma mkokoteni, ila safari hii gurudumu lilikuwa limepasuka, kwa hiyo baba na binti wakakodi mkokoteni wao na kuusukuma wenyewe. Gundi alikuwa amefuta penseli katika vitabu thelathini na tisa. Cha arobaini hakukigusa kwa kifutio. Chini ya lile swali la mwisho aliandika, herufi ndogo ndogo: *Sijui bado. Nakuja.*

Maktaba ilikuwa jengo refu lililopauka rangi, lenye baiskeli nyingi nje. Baba akaegesha mkokoteni, akavua kofia, akaanza kuzunguka ukuta.

"Unakwenda wapi, fundi?" aliita mkutubi, mama mnene mwenye miwani ya kamba, aliyekuwa amesimama mlangoni.

"Natafuta mlango wa nyuma, mama."

"Wa nyuma tuliuziba zamani, tukaweka rafu. Vitabu vilikosa pa kukaa. Pita hapa hapa."

"Na mkokoteni?"

"Na mkokoteni! Nyie, mpisheni fundi!"

Vijana waliokuwa wamekaa kwenye ngazi walinyanyuka. Wawili wakashika mbele, mmoja nyuma, mkokoteni ukapanda ngazi ukilalamika, na baba akapanda nyuma yake, kofia mkononi, kifua mbele, kama bwana harusi aliyechelewa. Ndani hapakuwa na kiti kitupu. Mkutubi alikipokea kile kitabu kinene, kikafunguka chenyewe penye ukurasa wa mia moja na kumi na mbili, akasoma, akamtazama Gundi juu ya miwani.

"Hiki hakikufutwa."

"Nilishindwa, mama. Nisamehe."

"Na huyu anayekuja ni nani?"

"Ni mimi."

"Basi uje na ndala. Chumba cha kumi na nne, sakafu haikauki Jumatano mpaka leo." Akakipiga kitabu muhuri na kukirudisha rafuni kama kilivyo.

Baba alisukuma mpaka wakafika njia panda, mkokoteni mtupu ukirukaruka mbele yao. Pale akasimama.

"Ngazi zao ni fupi," alisema.

"Fupi, baba."

"Na nguzo hawana hata moja."

"Hata moja."

"Lakini nimepita mbele." Akavaa kofia yake. "Yule wa futi nitamwambia mlango wangu haung'oki. Haya, twende, posta wanafunga saa kumi."

Karakanani shangazi alikuwa anawangoja, na habari ilipomfikia alijishika kichwa.

"Sasa wateja wangu nitawaambia nini?"

"Waambie nimekataa Nguzo," Gundi alisema, akiandika. "Ni wangapi wanaoweza kusema hivyo?"

Shangazi alifikiri. Uso ukamfunguka taratibu. "Umewakataa! Lo! Hiyo ni tamu zaidi." Akaondoka mbio kwenda kuieneza.

Barua ya kuwashukuru Nguzo ilikuwa fupi, ikawekwa pembeni na kubandikwa stempu. Ile ya chuo cha serikali Gundi aliisoma mara mbili, akaitia ndani ya bahasha. Baba akaleta brashi ya gundi na sanduku la herufi za dhahabu.

"Hata herufi moja tu, kwenye kona?"

"Baba, ni bahasha."

"Sawa, sawa." Akapaka gundi mwenyewe, mstari mwembamba usiovuja, akakunja ulimi wa bahasha, akaupitishia mfupa wa kulainishia mikunjo mara tatu, kisha akaiweka chini ya mashine ya kubania na kuzungusha gurudumu mpaka likagoma. Wakangoja dakika tano nzima wakitazama saa. Ilipotoka ilikuwa bapa kama kisu, na hakuna mkono ambao ungeifungua bila mkasi.

Saa kumi kasorobo Gundi aliisukuma ndani ya sanduku la barua pale posta, na ile ya Nguzo nyuma yake. Baba akainama, akatega sikio, akazisikia zikianguka moja baada ya nyingine.