Foleni ya Bi Wahiba

Ukimpigia Eliaichi simu kumwambia mashine yako imegoma, jibu lake lilikuwa moja, na alilitoa kabla hujamaliza kueleza: "Zima, washa." Si kwamba alikuwa na kiburi. Alichoka tu. Tangu mwenzake Edgar aache ufundi wa kompyuta akauze matairi, Eliaichi alibaki peke yake na wateja tisa, wametawanyika kuanzia Segerea mpaka Bunju kana kwamba aliyewapanga alikuwa na kisa naye. Mara nane kati ya kumi, mashine ikizimwa na kuwashwa inarudi. Zile mbili zilizobaki alizipangia siku ya kwenda, na siku hiyo ilikuwa na tabia ya kusogea.

Alhamisi hiyo, saa nne asubuhi, alikuwa Tandale kwenye ofisi ya wauza nafaka, amepiga magoti chini ya meza yenye vumbi la unga, simu ilipoita. Alikuwa Mama Demetria, nesi mstaafu kutoka Kibosho, mwenye kituo cha afya kule Bunju. Huyu hakuwa mtu wa kupiga simu mwenyewe. Kazi hiyo aliifanya karani wake, Bi Wahiba.

"Eliaichi, uko wapi?"

"Shikamoo Mama. Niko Tandale, nikimaliza hapa..."

"Marahaba. Usimalize. Bi Wahiba amefariki alfajiri. Moyo. Mwili uko hapa kwangu, watoto wake wanataka kuzika leo alasiri, na ile printa haitoi kibali cha mazishi. Njoo sasa hivi."

Eliaichi alibaki pale chini ya meza, simu sikioni, hata baada ya kukatwa.

Bi Wahiba alikuwa amempigia Jumatatu. Printa haichapi, mwanangu. Akamwambia azime, awashe. Akapiga Jumanne: nimezima, nimewasha, bado. Akamwambia nitapita. Jumatano mchana jina lake likatokea tena kwenye simu, na Eliaichi, akiwa amekaa kwa mama ntilie na sahani ya kwanza tangu alfajiri, aliigeuza simu kifudifudi akaendelea kula. Mara zote mbili walizoongea mama yule hakulalamika. Jumanne alisema neno moja tu la kujieleza: "Kuna kijikaratasi changu hapa, lakini si haraka."

Eliaichi alipanda bodaboda kwenda Bunju.

Sasa, mtu atauliza, kwa nini wasiandike kibali kwa mkono wakamaliza? Waliwahi. Miaka minne nyuma, mwili wa mzee mmoja ulitolewa kwa kibali cha kalamu ukachukuliwa na ndugu ambao hawakuwa ndugu zake, na Mama Demetria alishinda polisi siku mbili akijieleza. Kutoka hapo akaapa. Risiti andikeni mtakavyo, lakini kibali cha mazishi, na hata ruhusa ya mfanyakazi kutokuja kazini, lazima kiwe na namba iliyotolewa na seva, ile kompyuta kuu ya kituo, na kichapwe. Seva yenyewe ilikuwa mashine ya Unix kuukuu kuliko baadhi ya manesi wa pale, skrini nyeusi na maandishi ya kijani, na programu yake iliandikwa na kijana aliyehamia Kanada bila kuacha maelezo. Ilijua printa moja tu duniani. Na aliyeisimamia sheria ile ya karatasi kwa ukali kumshinda hata mwenye kituo alikuwa Bi Wahiba. "Bila karatasi hujaenda popote," aliwaambia manesi waliokuja kuomba ruhusa kwa mdomo.

Eliaichi alifika saa tano na nusu. Chini ya banda la wagonjwa walikaa wanaume wenye kanzu na kofia, kimya, na wagonjwa wa siku hiyo wamejibana upande mmoja kuwaachia nafasi. Mmoja aliinuka akamjia. Alikuwa Muntasir, mtoto mkubwa wa marehemu, mwenye duka la vitambaa kule kituo cha daladala.

"Wewe ndiye fundi Eliaichi?"

"Ndiye mimi. Poleni sana na msiba."

"Tumeshapoa. Ni kazi ya Mungu." Macho yake yalikuwa mekundu lakini sauti imetulia. "Fundi, tunaomba tumtoe kabla ya saa nane. Kuna kumuosha, kuna kumkafini, na alasiri haimsubiri mtu. Mama mwenyewe alituusia asilazwe kwenye barafu." Kisha akaongeza, kama mtu anayempa mgeni zawadi, "Alikuwa akikusifu nyumbani. Alisema ana fundi anayetibu mashine kwa simu, bila hata kuja."

Eliaichi aliona haya, haya ya kweli inayopanda mpaka masikioni. Akaingia ndani.

Kwenye kiti cha Bi Wahiba walikuwa wamemweka Brightson, mtu wa maabara, ambaye alikuwa anaitazama ile skrini ya kijani kama anayesubiri impige.

"Braza, mie nimezima nimewasha mara sita," alisema kabla hajaulizwa. "Seva, printa, vyote. Ishu iko palepale."

"Nipishe."

Akakaa. Kila kitu mezani kilikuwa kimevikwa. Simu ya mezani ilikuwa na kitambaa chake, mhuri una chake, kompyuta ina shela lililokunjwa juu ya kichwa chake, vyote vyeupe vyenye ukingo wa waridi, vya kufumwa kwa mkono. Hakuna nyumba ya heshima Eliaichi aliyoijua isiyokuwa na vitambaa vya namna ile, juu ya televisheni, juu ya friji, mgongoni mwa makochi. Mama yake kule Same alikuwa na sanduku zima. Malori ya mchanga ya Bunju yalipita mbele ya kituo kutwa nzima, na vumbi lake halikuwa na adabu, kwa hiyo Bi Wahiba alifuma.

Akaiagiza seva iiite printa. Seva ikaita, ikaita, ikajibu kwamba hakuna aliyeitikia. Akainuka akaenda chumba cha kumbukumbu, iliko printa, ng'ambo ya korido. Akabonyeza ijichapie ukurasa wake yenyewe. Ikachapa vizuri, wino mweusi tii. Printa ni nzima. Akarudi kwenye seva akapima na upande wake, nayo ni nzima. Wazima wawili hawaonani. Basi kuna kitu katikati.

Saa sita ikagonga. Alitambaa sakafuni akiufuata waya wa mtandao kwa vidole, nyuma ya kabati la mafaili, ambako hakuwahi kutambaa tangu aufunge miaka mitano iliyopita. Magoti yalimuuma. Alijiambia kama angekuja Jumatatu, yasingemuuma zaidi ya hivi. Waya ukampeleka kwenye rafu ya chini kabisa, na pale akakuta kifurushi kidogo kimevikwa kama mtoto mchanga anayepelekwa kliniki: kwanza mfuko wa nailoni, kisha kitambaa cha kufuma, mara mbili, na utepe wa waridi umefungwa fundo zuri.

Ndani yake kulikuwa na swichi, kile kiboksi cha kugawia mtandao. Aliposhika aliondoa mkono upesi. Kilikuwa cha moto kama pasi. Taa zake zote zilikuwa zinawaka bila kupepesa, mashine iliyozimia macho wazi.

Akaelewa yote kwa mpigo mmoja, hata yale ya miezi iliyopita. Kila mara mama yule alipopiga, ilikuwa mchana. Akiambiwa azime, alikifungua kiboksi, akakizima, kikapoa kidogo, akakiwasha, kikafanya kazi, naye akakivika upya kwa uangalifu na kumshukuru fundi wake. Kikaiva polepole ndani ya nguo yake mpaka juma hili kikachoka kabisa. Mtu angekuja kutazama kwa dakika tano tu, angeona.

"Leta feni," alimwambia Brightson.

Wakakiweka kile kiboksi dirishani, uchi, mbele ya feni, wakakisubiri kipoe. Dakika ishirini. Muntasir alichungulia mara moja mlangoni, akaona watu wazima wawili wanapepea kiboksi, akarudi nje bila kuuliza. Mama Demetria alikuja akasimama na mhuri wake mkononi.

Saa saba na robo Eliaichi akaurudisha umeme. Taa zikaanza kupepesa. Akaiagiza seva iite, na printa ikaitika mara ya kwanza.

Lakini haikuchapa. Brightson alishika kichwa. Eliaichi hakushangaa, mambo yake siku zote yalikuja mawili mawili. Seva ilipoona printa haiitikii tangu Jumatatu, iliifunga yenyewe foleni ya karatasi zinazosubiri kuchapwa, na foleni ikifungwa, mtu hata azime na kuwasha mpaka Idi, haifunguki mpaka fundi aje aifungue kwa mkono. Akaandika aione foleni.

Zilikuwa karatasi thelathini na nne zinasubiri. Vipimo, orodha za dawa, na mwishoni kabisa kibali cha mazishi alichokituma Brightson asubuhi. Kila moja ilikuwa na jina la aliyeituma, na huko juu ilikuwapo moja ya wahiba, Jumatatu. Nyingine ya wahiba, Jumanne. Nyingine ya wahiba, Jumatano saa nane kasorobo. Zote tatu zilikuwa na kichwa kimoja: ruhusa.

Alizitazama. Mkono wake ulikuwa tayari kufuta foleni nzima, ndivyo mafundi wanavyofanya wakiwa na haraka. Hakufuta. Alikichukua kibali kutoka mwisho akakipandisha kikawa cha kwanza, akafungua foleni kwa karatasi moja tu, akaifunga tena. Ng'ambo ya korido printa ikanguruma.

Mama Demetria akatia sahihi na mhuri akiwa amesimama. Muntasir alikipokea kwa mikono miwili, akamshika Eliaichi bega. "Mungu akulipe, fundi. Mama alijua kuchagua watu." Ilikuwa saa saba na nusu. Wakamtoa mama yao mlango wa nyuma, na banda likabaki na wagonjwa peke yao, ambao hawakurudi kujitanua mpaka muda ukapita.

Ndipo Eliaichi akaifungua foleni yote.

Alisimama mbele ya printa akazipokea zikitoka. Ya Jumatatu: Yah: Ombi la ruhusa. Naomba ruhusa ya siku mbili, Jumanne na Jumatano, kwenda hospitali kubwa kupima moyo, kwa kuwa kifua kinanibana nikipanda ngazi. Kazi zangu nitaziacha zimekamilika. Karatasi nane za vipimo zikafuata. Kisha ya Jumanne, maneno yaleyale, ila siku zilikuwa Jumatano na Alhamisi. Kisha ya Jumatano, ambayo nayo ilikuwa vilevile, na siku alizoomba zilikuwa Alhamisi na Ijumaa.

Mama Demetria alikuwa amekuja nyuma yake. Alizichukua, akazisoma zote tatu, akazisoma tena.

"Tatizo lilikuwa nini?" aliuliza mwishowe.

Eliaichi alikuwa na kile kitambaa mkononi, na ilikuwa rahisi kukiinua kumwonyesha. Akakikunja.

"Sikuja, Mama. Aliniita mara tatu, sikuja."

Mama Demetria alivuta kiti akakaa kwa uzito. "Ofisi yangu si ile pale? Hatua kumi. Angegonga tu mlango akaniambia."

"Angekwambia, ungemjibuje?"

Mama yule alizinyoosha zile karatasi mapajani.

"Ningemwambia alete karatasi," alisema.

Brightson alikuwa mlangoni, akaondoka kwa ncha za vidole. Eliaichi alikilaza kitambaa juu ya kiti cha Bi Wahiba, akarudi sakafuni akakifunga kiboksi ukutani, mahali pa wazi penye hewa, na vumbi la Bunju na lije. Alipomaliza alibaki ameegemea kabati, miguu imenyooka mbele yake. Alilia kidogo, bila sauti, akajifuta kwa kiwiko kwa sababu mikono ilikuwa michafu.

Adhana ya alasiri ilimkuta getini, akitafuta bodaboda. Hakuwa amekula tangu jana usiku. Simu ikaita. Alikuwa Bernadeta, katibu muhtasi wa shule moja kule Segerea, upande mwingine kabisa wa jiji.

"Fundi, samahani, hii printa yetu nayo imegoma."

Kinywa chake kilikuwa kimeshafunguka kutoa jibu. Akakifunga. Mbele yake lori la mchanga lilipita na vumbi lote, akasubiri mpaka aweze kusikia.

"Ulikuwa unachapa nini, dada?"

Bernadeta hakuwahi kuulizwa hivyo. "Ah, ratiba ya mitihani tu, fundi. Si haraka. Hata kesho."

"Usizime kitu," alisema Eliaichi. "Nakuja leo."