Mwombaji Asiwe Mtu wa Hasira

1

FOMU YA MAOMBI YA KUMILIKI SILAHA NDOGO
*(Ijazwe kwa herufi kubwa. Usikate wala kufuta.)*

Jina la mwombaji: MBUKE LIMBU
Kazi: MFANYABIASHARA, DUKA LA VIFAA VYA UJENZI
Makazi: MTAA WA NGUZONANE
Aina ya silaha: BASTOLA
Sababu ya kuomba silaha:

2

Hapo kwenye sababu ndipo nilipokwama. Wewe unayesoma ungeandika nini? Usinijibu upesi, kwanza nikueleze nilichotaka kuandika mimi. Nilitaka kuandika TRYPHONE BALELE. Nafasi ilitosha kabisa.

Niliandika ULINZI WA MALI NA BIASHARA. Yule kijana wa stesheneri aliniambia watu wote huandika hivyo, na kwamba wilayani hawapendi maelezo marefu.

3

*Kipande cha gazeti, ukurasa wa ndani, chini ya tangazo la magodoro:*

Mtu mmoja aliyetambuliwa kwa jina la Nkwabi Limbu ameuawa na wananchi wenye hasira kali katika Mtaa wa Nguzonane baada ya kutuhumiwa kuiba mashine ya kusukuma maji. Uchunguzi unaendelea.

4

Nkwabi ni mdogo wangu, tumbo moja. Mashine ilikuwa yangu. Nilimtuma kwa fundi akaichukue, akaibeba begani mchana kweupe, anapiga mluzi, maana alikuwa mtu wa mluzi. Wiki hiyo Balele alikuwa ameibiwa mashine ya rangi ileile. Alipomwona Nkwabi hakumuuliza kitu. Aliita mwizi.

Nilifika wakati moshi umeshaanza kupungua. Mashine ilikuwa imewekwa pembeni vizuri, isiungue. Hilo ndilo linaloniamsha mpaka leo, kwamba kuna mtu aliyeisogeza mashine.

Kesho yake walikuja msibani wote. Balele akawa mwenyekiti wa kamati ya mazishi. Alisimama na karatasi akasoma wasifu wa marehemu, akasema ametutoka kijana mchapakazi. Waliochimba kaburi walikula ubwabwa wangu wakaomba na ukoko.

5

Wananchi.

Wenye.

Hasira.

Kali.

Nimemtafuta mwananchi huyo. Hana baba, hana nyumba, hana namba ya simu. Polisi walikuja, wakauliza ni nani aliyeua, wakaambiwa ni yeye, wakaandika, wakaondoka. Lakini mimi nawauzia misumari. Nawajua kila mmoja kwa jina na kwa anachodai kuwa alikuwa anafanya siku ile.

6

*Lililobandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtaa:*

MASHARTI KWA WAOMBAJI WA SILAHA

Mwombaji awe na akili timamu na asiwe mlevi.
Mwombaji asiwe mtu wa hasira.
Mwombaji atajadiliwa na Kamati ya Usalama ya Mtaa, itakayoeleza kwa maandishi kama majirani wana imani naye.

7

Soma tena hilo la mwisho. Majirani. Yaani kabla serikali haijanipa bastola, lazima waliomchoma ndugu yangu wakae kikao, wanywe soda, waseme kama mimi ni mtu wa hasira.

Mwenyekiti wa kamati hiyo ni Tryphone Balele. Wamo Mama Sado, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, na Yustasi fundi baiskeli, mwenye karakana ambako tairi halikosekani. Wajumbe wengine nao walikuwepo siku ile. Asiyekuwepo ni katibu peke yake, afisa mtendaji wa mtaa, binti anayeitwa Elipendo Mbise, aliyehamishiwa kwetu kutoka Arusha baada ya msiba.

Nilipompelekea Balele fomu agonge muhuri, alinikaribisha kiti. Akauliza habari za duka. Muhuri ulikuwa umekauka wino, akaupulizia kwa mdomo, akagonga. Aliugonga kichwa chini, miguu juu, na nikafurahi. Sitakudanganya, nilifurahi sana.

8

*Bombani, kwenye foleni ya ndoo:*

— Bastola ya nini sasa?

— Ya biashara, ndivyo alivyoandika.

— Misumari na bati ndiyo vya kulindwa na bastola?

— Mimi sijui.

— Hivi wewe siku ile ulikuwepo?

— Mimi nilikuwa nafua.

— Hata mimi nilikuwa nafua.

— Sogeza ndoo, mama, maji yanamwagika.

9

*Tryphone Balele, mwenyekiti wa mtaa, anasema:*

Mimi niliita tu. Mtu akiona mwizi aite nini? Ningejuaje kama mashine ni ya dada yake? Niliita, nikakaa pembeni. Walionyanyua mawe walinyanyua kwa mikono yao. Sikumgusa yule kijana, hata kidole, na mke wangu ni shahidi.

Nimemzika vizuri. Sanda nilichangisha mimi. Turubai nilitafuta mimi. Sasa huyu mwanamke ananipita kila siku ananisalimia kwa heshima, shikamoo mwenyekiti, na sasa kaleta fomu. Mtu anayekuchukia halafu anakuamkia ni mtu wa kuogopwa. Hatapewa. Nitahakikisha.

10

MUHTASARI WA KIKAO CHA KAMATI YA USALAMA, MTAA WA NGUZONANE

Ajenda: Maombi ya Bi. Mbuke Limbu.
Uamuzi: Kamati haikuridhia.
Sababu: Kamati haikuona umuhimu.

11

*Kutoka wilayani, kwa mkono:*

Muhtasari wenu umepokelewa na unarejeshwa. Ofisi hii haipokei "haikuona umuhimu" kama sababu. Kama kamati inaona mwombaji ni hatari, ieleze ni hatari kwa nani na kwa sababu ipi. Kama kuna mtu anayehofia usalama wake, atajwe kwa jina na chanzo cha hofu yake. Maneno "baadhi ya wananchi" hayatakubalika. Kama hakuna sababu, kamati iridhie.

Wenu katika ujenzi wa taifa.

12

*Elipendo Mbise, katibu, anasema:*

Niliwasomea barua ile kikaoni. Nilipofika pa "atajwe kwa jina" nikasikia viti vinalia. Nikadhani hawajaelewa, nikarudia. Kumbe walikuwa wameelewa kuliko mimi.

Mimi nilikuwa mgeni. Nilijua dada Mbuke alifiwa na mdogo wake, basi. Hakuna aliyewahi kuniambia alikufaje. Kila nilipouliza niliambiwa, "Ajali." Ikabidi niulize mbele ya kikao: jamani, kuna mtu hapa anamwogopa huyu mama? Kama yupo aseme, niandike, twende nyumbani.

Yustasi akawa anakwaruza mafuta ya cheni kwenye kucha zake. Mwenyekiti akasema mwombaji aitwe.

13

Nikaingia. Nilivaa kitenge kile nilichovaa msibani, makusudi.

Ukumbi ulinuka chaki. Balele aliniuliza maswali ya kawaida: silaha nitaihifadhi wapi, nani anaishi nami, kama nina ugomvi na mtu. Nikajibu moja moja. Kisha akainamia karatasi, akauliza bila kuniangalia.

"Dada Mbuke, una hasira na mtu yeyote hapa mtaani?"

"Mwenyekiti," nikamwambia, "ulitaka niwe na hasira na nani?"

Katibu akashika kalamu akimsubiri ajibu. Wote tukamsubiri. Hapo ndipo nilipoona kilichowapata, na nakuapia sikuwa nimekipanga. Wakinikatalia, lazima waandike kwa nini nina haki ya kuwachukia. Wakinikubalia, nina bastola.

Balele aliliona pia. Akakohoa, akatangaza kwamba Bi. Mbuke ni raia mwema, mtulivu, asiye na ugomvi na mtu, na kwamba yeye binafsi anaunga mkono apewe.

Apewe.

Akanyoosha mkono wa kwanza. Yustasi akafuata. Mikono ikapanda mmoja baada ya mwingine, mingine inaishia usawa wa sikio. Balele aliona heri nitembee na bastola mtaani kwake kuliko jina lake kukaa kwenye karatasi. Nilimdharau kuliko siku zote, na nilikuwa nadhani dharau yangu imeshafika mwisho.

14

Mkono mmoja haukupanda.

15

*Mama Sado, mjumbe, anasema:*

Sikuweza. Wenzangu walinikodolea macho, Yustasi akanikanyaga mguu chini ya meza. Sikuweza.

Mimi ukuta wangu ndio ukuta wake. Namsikia. Kuna usiku anaongea na marehemu kama yupo, anamuuliza kama amekula. Halafu asubuhi ananigongea ananipa mboga. Mboga zile nazipika nazimeza na hazipiti.

Nikamwambia katibu, mwanangu, mimi naogopa. Andika. Akaniuliza, unaogopa nini, mama? Nikamwambia naogopa kwa sababu walikuja kuomba mafuta ya taa, na nilikuwa nayo kwenye dumu, na sikuuliza ya nini. Nilijua ya nini. Nikatoa.

Mwenyekiti akasema hilo lisiandikwe, halihusiani na ajenda. Nikamwambia ndiyo ajenda yenyewe. Nikamtaja yeye aliyeita. Nikamtaja Yustasi aliyeviringisha tairi kutoka karakana. Nikataja na wengine, mpaka wa kwangu mwenyewe, Sado, niliyemzaa, aliyeshika miguu.

Nilipomtaja mwanangu nikakaa chini.

16

MUHTASARI WA KIKAO CHA PILI

Uamuzi: Kamati imeshindwa kufikia muafaka.
Anayehofia usalama wake: Mama Sado na wengine waliotajwa hapa chini.
Chanzo cha hofu: Walimuua Nkwabi Limbu.

*(Mwenyekiti amekataa kusaini. Katibu amesaini na kupeleka wilayani kwa mkono wake mwenyewe. E. Mbise.)*

17

*Sokoni, mtaa mwingine:*

— Umesikia? Polisi wamechukua watu Nguzonane.

— Kisa?

— Yule mama wa vifaa vya ujenzi aliwatega kwa fomu. Ana akili yule! Alijifanya anataka bastola, kumbe anatafuta majina.

— Mwanamke ana akili huyo.

— Anafaa udiwani.

18

Wananisifu. Watu wa mitaa ya mbali wanakuja dukani kununua msumari mmoja ili wanione. Shemeji yangu mwalimu anasema habari yangu ingefaa kufundishwa shuleni.

Naomba tuelewane, wewe na mimi. Sikutega mtu. Sikuwa na akili hiyo. Nilikuwa nataka bastola.

Nilitaka Balele atoke kwake asubuhi, kapiga pasi shati lake la vikao, anikute nimesimama. Nilitaka aione bastola kabla. Nilitaka aniulize kwa nini, nami nisimjibu, kama yeye alivyokataa kumuuliza Nkwabi. Hicho ndicho nilichokuwa natafuta, na kila fomu niliyojaza niliijaza kwa ajili ya hicho.

Mama Sado ameharibu. Simshukuru. Amejikamatisha yeye na mwanawe, analia rumande, na mimi ndiye ninayempelekea chakula kwa kuwa hana mwingine. Nampelekea, nakaa naye, natamani kumzaba kibao, nampa maji.

Balele ameshapata dhamana, maana hakushtakiwa kwa kuua, ameandikiwa kuchochea tu. Alipata haraka. Jana amepita mbele ya duka langu na shati lilelile la vikao, akainua mkono.

"Habari za asubuhi, dada Mbuke."

Nikamwitikia.

19

Sajini Makwaia wa ofisi ya wilaya ni mtu mzima, mpole, wa miwani. Aliniita kwa ajili ya faili langu. Akanipa pole upya kwa msiba. Akaniambia kesi itakwenda, majina yapo, mashahidi wapo, niiachie sheria. Kisha akaliweka faili la bastola katikati ya meza na kuliwekea kiganja juu.

"Sasa hili, mama, tulifunge?"

"Lisifungwe, afande."

Akavua miwani. Akanieleza taratibu kwamba kamati mpya itabidi iundwe, nipimwe na daktari, nihojiwe tena upya kuanzia mwanzo. Akasema wengi huchoka njiani. Alikuwa ananionea huruma, ananifungulia mlango nitoke bila aibu, na nilimwelewa.

Nimesema uongo kwenye kila karatasi ya ofisi ile. Nimesema biashara, nimesema mali, nimesema sina ugomvi na mtu. Nimemwamkia Balele shikamoo. Nimewapikia wauaji. Na kwenye dawati lile kulikuwa na fomu ya mahojiano iliyofunguliwa, kalamu iko mkononi mwa sajini, na mstari wa kwanza kabisa ulikuwa unauliza kuhusu tabia ya mwombaji.

Ningeweza kunyamaza. Ningenyamaza, siku moja ningeipata bastola.

"Wao walikuwa na hasira kali, afande, ikaandikwa gazetini, ikaisha," nikamwambia. "Na mimi ninayo. Haina haraka."

Kalamu ikasimama. Nje kuna askari alikuwa anacheka na mtu kwenye simu. Sajini Makwaia akanyanyuka, akafunga mlango, akarudi akakaa. Akaivuta ile fomu karibu.

"Rudia, mama," akasema. "Polepole, niandike."

Nikarudia.