Karatasi Iliyo Chini

Uliipita. Usinikunjie uso, uliipita. Ulikuja ofisi ya msajili kufuata cheti cha kuzaliwa cha mwanao, ukasimama kwenye foleni, na mbele ya pua yako pana ubao wa matangazo wenye kioo kilichopasuka. Ukatazama simu. Ukatazama dari. Macho hayana pazia, lakini wewe yako umeyatundikia blanketi.

Kwenye ubao ule ipo karatasi yangu. Mimi ndiye Mama Pasi wa hoteli ile ya ufukweni, na karatasi inasema ninataka kuolewa na Fundi wa majokofu, mtu niliyekula naye chungu kimoja miaka tisa. Sheria inataka tangazo likae siku ishirini na moja mfululizo, lionekane, ili mwenye pingamizi aseme. Likifunikwa hata siku moja, hesabu inaanza upya.

Fundi amepata kazi nje, mkataba wa miaka mitatu, na anaondoka Jumatatu. Kampuni inampokea mke mwenye cheti kilichoandikwa kabla ya safari. Asiye na cheti wanamwita "mtu wa karibu", na mtu wa karibu anaachwa mbali.

Wifi yangu, dada yake Fundi, alilijua hilo kabla yangu. "Wifi wa majaribio!" ananiita mbele za watu. "Miaka tisa bado unajaribiwa? Hata pasi yako ilikuja na garantii!" Watu wanacheka. Na mimi hucheka nao, kisha nikifika nyumbani najifungia bafuni na kufungulia maji.

Sasa sikia kazi yangu. Wageni wanatoka kwao kwenye baridi, wanakuja kuoana hapa kwenye jua. Si maigizo, ni ndoa halali yenye muhuri, ya kurudi nayo kwao. Gauni linatoka sandukuni limejikunja kama tambara la deki, nami nalinyoosha kwa mvuke mpaka linasimama lenyewe. Kisha, kwa kuwa hawakuja na ndugu, meneja huniita niwe shahidi. Nimetia sahihi mara arobaini na tatu. Fungua daftari la msajili uone: jina langu limejaa mle, na kila mara liko mstari wa chini.

Wao hawangoji siku ishirini na moja. Wana kibali maalumu. Tangazo lao hukaa ubaoni siku chache tu, kwa ajili ya kumbukumbu, karatasi nene yenye nembo ya hoteli, pana kama sinia.

Unasema ni wivu? Ni wivu. Sitaupaka poda. Kila nikiwapulizia mvuke kwenye lesi, wivu unanipanda kooni kama kiungulia. Siwaonei wivu kwa maua wala kwa keki. Nawaonea kwa ule muhuri, kwa namna unavyotua kwenye karatasi yao, pa, kama nzi.

Jumatano mchana nilikwenda kuchungulia tangazo letu. Ilikuwa siku ya ishirini. Halikuonekana.

"Imefunikwa tangu jana, dada," karani akasema bila kuinua kichwa. "Anza moja."

"Tena? Mara ya kwanza ilikuwa siku ya tisa. Ya pili siku ya kumi na nne. Nani anaifunika?"

"Si karatasi za hoteli yenu hizi? Ubao wenyewe kiganja. Ulitaka nizibandike wapi, kwenye paji la uso wangu?"

Nikasogea kwenye kioo. Juu ya tangazo letu ilikuwapo karatasi nene, na kwenye kona yake alama ya kidole, nyeupe, ya wanga wa kunyooshea nguo. Kidole changu. Ofisi iko njiani kwangu, na meneja hunipa bahasha nikitoka kazini: "Mama Pasi, nipitishie hii kwa karani." Nikaipitisha Jumanne, nikamtolea karani karatasi bahashani. Nikazipitisha zile nyingine mbili. Mara tatu nimejizika mwenyewe, kwa mikono safi. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi kazi yangu ni nguo, bado sikukiona.

Alhamisi bibi harusi akaingia chumba cha pasi peku, pua imebambuka kwa jua, akanionyesha pete. Kwa lugha yetu ya kuungaunga akaniambia amemjua bwana wake miezi saba. Miezi saba! Nina sufuria ninayoijua zaidi ya hapo. Alipotoka nikaishika pasi juu ya lesi ya kifuani, taa nyekundu imewaka, karibu kiasi cha kusikia uzi ukinuka. Sekunde moja tu, na angeolewa na doa la kahawia moyoni. Nikaiweka pembeni. Gauni halikunikosea.

Saa kumi tukawa bustanini. Daftari likafunguliwa.

"Mama Pasi, hapa kama kawaida," msajili akasema.

Nikaiweka kalamu chini. "Leo haiandiki."

"Ina wino tele."

"Kalamu inao. Mimi sina."

Meneja akanijia sikioni. "Mama Pasi, usinitie aibu mbele ya wageni."

"Aibu imeshaingia, bosi. Inatafuta kiti tu."

Nikasema yote, kwa sauti, kuanzia siku ya tisa. Bibi harusi akauliza ninasema nini. Meneja akamjibu, "Anasema joto limemzidi." Basi nikatoa nakala ya tangazo letu kifuani, nikamfunulia, nikamwonyesha jina la Fundi na langu. Si mjinga yule. Akamkamata meneja kiwiko, na safari hii akaambiwa kweli. Akarudisha maua mezani. Akasema watangoja mpaka yangu yatengenezwe.

Msajili akajifuta shingo. "Kuna kifungu," akasema taratibu. "Wakija watu saba waliolisoma tangazo lako kwa macho yao, wakaweka sahihi, wanasimama badala ya siku zilizopungua."

"Wiki zote hizi hukuniambia?"

"Hukuuliza, mama."

Meneja alikuwa amechoka kungoja; akawaambia wageni kwa lugha yao kwamba yangu yamekwisha. Akamwita mhudumu wa baa. Yule akachukua kalamu niliyoiacha, akatia sahihi akitazama viatu vyake. Muhuri ukatua, pa. Mimi nikaambiwa niache aproni getini.

Tangu jioni ile, yaani jana, nimegonga milango. "Sikuangalia." "Nilikuwa na haraka." "Mambo ya watu hayo." Mtaa mzima mmepita pale, na mtaa mzima vipofu! Wa kwanza kukubali, utacheka, ni wifi. "Nililisoma siku ileile mliyobandika," akasema, hanitazami. "Nilikwenda kuhakikisha jina la kaka yangu limeandikwa sawasawa." Leo asubuhi akavaa kanga yake, tukaongozana hadi ofisini, na njiani hakunitania hata mara moja. Mhudumu wa baa amekuja baada ya wengine watatu, ni wa tano. Amesema alilisoma, na usiku hakulala.

Watano. Leo ni Ijumaa, na kesho ofisi haifunguliwi. Fundi amekaa kwenye benchi la ofisi na shati nililompigia pasi, magoti pamoja, kama mtu anayengoja daktari. Kila mlango ukilia anasimama.

Sikuombi uongo. Ninakuomba ukumbuke. Karatasi ya daftari, mistari ya buluu. Wino umechuruzika upande wa kulia, kwa sababu kioo kimepasuka na mvua ilinyesha. Pini moja ina kutu. Kona ya chini imeliwa na mende. Umeiona. Ulikuwa wa nne kwenye foleni, uliisoma mpaka neno "fundi", ukatabasamu, kisha ukageuza uso kwa kuwa haikuhusu.

Inakuhusu. Wanahitajika wawili, na ofisi inafungwa saa tisa. Acha hicho unachokifanya. Vaa viatu, mshike jirani yako mkono, mlango wa kushoto, ingieni mseme: tuliiona. Nyanyuka!